Sentensi Niliyoiruka

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha Arua, nimesimama nje ya chumba cha Mwalimu Daisy na cheti mkononi, nikicheka peke yangu barabarani. Kwa aliyeanza leo, mimi ni Afedra, mtoto wa wakulima wa Ajia. Nilikwenda Omugo kuomba kazi ya kuhudumia wakimbizi, nikashindwa kujieleza kwa Kiingereza, na watu watatu waliokuwa wakinihoji wakanicheka mbele yangu. Nikaapa kwamba sitachekwa tena. Miezi tisa nilisoma Kiingereza cha kazi na sheria katika chumba kilicho nyuma ya mafundi cherehani, na nikafaulu.

Ningependa niishie hapo. Mngebaki mnaniheshimu.

Lakini nimeahidi kusema yote, na yaliyofuata yananitia kinyaa hata kuyaandika.

Cheti hakikuleta kazi. Niliandika maombi mpaka karani wa posta akanijua kwa jina. Mwishowe nikasikia kwamba Koboko watu wanaojua Kiingereza cha mahakamani ni wachache, nikahamia huko. Nikaweka meza kando ya duka la fotokopi, karibu na mahakama moja ndogo ambayo sitaitaja, nikawa mjaza fomu.

Nilivaa tai kila siku, hata jua likichoma. Wanawake wa sokoni wakaanza kuniita wakili. Sikuwakatalia.

Asubuhi moja ya Jumatatu, karani wa mahakama aliyeitwa Shafiki alikuja mezani kwangu akihema. Mkalimani wao alikuwa ameenda Abuku kumzika mkwewe. Kulikuwa na faili la mama mmoja wa Sudani Kusini, na hakimu alitaka limalizike siku hiyo hiyo. Mama huyo alijua Kiswahili cha biashara. Hakimu alikuwa mgeni, hakujua hata lugha moja ya kwetu, wala Kiswahili. Shafiki aliniuliza kama ningeweza kusimama kati yao.

Sikumuuliza ni kesi gani. Nilikaza tai nikamfuata.

Mama huyo aliitwa Margarita. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, muuza simsim pale sokoni, aliyejifunza Kiswahili kwa kwenda na kurudi Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Magunia yake aliyaweka katika stoo ya mfanyabiashara aliyeitwa Loku, muuza sola. Siku moja Loku alifungua stoo akakuta sola zake nne hazipo. Kufuli halikuvunjwa. Funguo zilikuwa mbili tu, mmoja wa Loku na mmoja wa Margarita.

Polisi hawakutafuta zaidi ya hapo.

Hakimu alisoma shitaka kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayesoma orodha ya majina. Sentensi ya kwanza ilikuwa tarehe na mahali. Nikaielewa. Ya pili ilihusu stoo na funguo. Nikaielewa pia.

Ya tatu ilikuwa ndefu. Ilikuwa na maneno ambayo Mwalimu Daisy aliyafundisha wiki niliyokuwa nimelala na malaria. Niliyasikia yakipita juu ya kichwa changu kama ndege, na nikajua kabisa kwamba sijayaelewa.

Hakimu akanyamaza, akanitazama. Nilitakiwa kusema jambo moja dogo tu, kwamba naomba arudie. Mahakama ilikuwa imejaa. Nyuma yangu walikaa wale wanawake wanaoniita wakili. Nikakumbuka watu watatu wa Omugo na meno yao.

Sentensi ya tatu nikairuka.

Nilimgeukia Margarita nikamwambia, "Mama, wanasema wewe ulikuwa na funguo ya stoo ya Bwana Loku, na sola yake imepotea. Ni kweli?"

"Ni kweli," akasema. "Funguo iko na mimi. Na sola imepotea. Pole sana kwa Bwana Loku. Yeye ni mutu alinisaidia sana."

Nikamgeukia hakimu. Nilimwambia kwamba mama anasema ni kweli. Halafu nikafika kwenye ile pole, na neno lililokuja mdomoni lilikuwa "sorry".

Ninyi mnajua pole ni nini. Unampa pole mtu aliyefiwa hata kama humjui. Unampa pole aliyejikwaa mbele ya duka lako. Haisemi kwamba wewe ndiye uliyeweka jiwe. Lakini ukimwambia hakimu "sorry" baada ya kusomewa shitaka la wizi, kuna kitu umefanya.

Hakimu aliinua nyusi. Aliniuliza kama mama anakubali shitaka lote, sehemu zote.

Hapo nilipewa nafasi ya pili, tena mkononi kabisa. Ningemuuliza Margarita swali moja la maneno mawili, uliiba wewe? Lakini kumuuliza kungeonyesha kwamba sikuwa nimemuuliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema kwa Kiingereza safi. "Lote."

Akaandika. Alipomaliza, kabla ya kutoa hukumu, aliniuliza nimesoma wapi, kwa sababu Kiingereza changu ni kizuri na kwa kawaida wakalimani wanamsumbua. Nilimtajia Mwalimu Daisy. Watu wa nyuma wakanong'ona kwa kuridhika. Nilisikia raha ikipanda kutoka tumboni mpaka masikioni.

Raha hiyo naikumbuka vizuri kuliko uso wa mama yule. Ndicho kinachonichefua zaidi.

Akatoa hukumu. Miezi kumi gerezani.

Nilimpelekea Margarita maneno hayo. Alinitazama kama mtu aliyesikia bei isiyo ya kawaida.

"Miezi kumi ya nini?"

Nilijua ya nini. Angalau nilianza kujua. "Ya ile funguo, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Alidhani ndiyo sheria ya nchi hii, kwamba mtu akikaa na funguo ya mwenzake na kitu kikapotea, anafungwa. Askari alipomshika mkono, alinigeukia akanishukuru kwa kumsemea.

Mchana ule nilifungua kamusi. Nilimwomba Shafiki karatasi ya shitaka, nikasema nataka kujifunza, na nikatafuta neno moja moja la sentensi ile ya tatu. Ilisema kwamba Margarita alizichukua sola nne kwa mikono yake, akijua si zake, kwa nia ya kumnyang'anya mwenye mali asizipate tena.

Saa saba mchana nilikuwa najua kila kitu. Mahakama ilikuwa bado wazi. Hakimu alikuwa bado ndani, namsikia akikohoa.

Nikaenda kula enyasa, ugali wetu wa muhogo, kwa maharage. Nilimaliza sahani nzima.

Kesho yake Shafiki aliniambia hakimu anataka nibaki. Mkalimani wa zamani angepelekwa kwingine. Nilipewa kiti changu, na ufunguo wa kabati la faili. Nilimpigia baba simu Ajia, akaita majirani wasikie sauti ya mtoto wake wa mahakamani.

Siku ya kumi na moja alikuja msichana mmoja, miaka kumi na tisa hivi, amevaa kanda mbili zilizojaa vumbi. Alisema anaitwa Night, ni binti wa Margarita, anakaa kwenye makazi ya wakimbizi upande wa Omugo. Alikuwa ametoka huko alfajiri. Mkononi alishika karatasi ya hukumu ndani ya mfuko wa nailoni, na kopo la simsim ya kusaga.

"Kaka," akasema, "mama anasema wewe ndiye mtu mzuri pale. Nisomee hii karatasi. Mama haelewi kwa nini yeye iko ndani."

Nilimsomea. Nilisoma jina la mama yake, tarehe, na miezi kumi. Yaliyobaki nilimwambia ni maneno ya mahakama tu.

Aliuliza kama mtu anaweza kukataa hukumu. Huko kambini aliwahi kusikia kwamba iko njia.

Njia ilikuwepo. Chini ya karatasi ile, mbele ya macho yake, iliandikwa kwamba mfungwa anaweza kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne. Kilichotakiwa ni barua fupi tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaandikia watu barua za namna hiyo pale mezani kando ya fotokopi. Zilibaki siku tatu.

Lakini rufaa ingelipandisha faili juu. Mtu mwingine angelisoma. Angeuliza nani alitafsiri.

"Iko," nikamwambia. "Lakini siku zimekwisha, dada. Ungekuja mapema."

Hakulia. Alijilaumu. Alisema alichelewa kwa sababu alikuwa anapanga foleni ya chakula cha mgao, na kwamba angejua angeacha chakula. Nilimsikiliza akiomba msamaha kwa kosa langu. Halafu akaniachia lile kopo la simsim, akasema mama yake ndiye alimwagiza.

Nilikula simsim ile wiki nzima. Niliipaka kwenye muhogo asubuhi kabla ya kazi. Sikuitupa, sikumpa mtu. Nataka mlijue hilo, maana kuna wasomaji wameniandikia wakisema wananionea huruma.

Miezi miwili ikapita. Mwalimu Daisy akanipigia simu kutoka Arua. Sifa zangu zilikuwa zimemfikia, na alitaka nije Jumamosi mchana niwaambie wanafunzi wapya Kiingereza kimenifikisha wapi. Nilinunua shati jipya.

Chumba kilikuwa kile kile, cherehani zikilia upande wa pili wa ukuta. Wanafunzi kama ishirini, wengi wakiwa na madaftari magumu ya jalada jekundu. Nilianza kuongea, na nilikuwa naongea vizuri, mpaka nilipofika safu ya tatu.

Night alikuwa amekaa pale. Alinitabasamia.

Mwalimu Daisy aliniambia pembeni kwamba msichana yule amesamehewa ada kwa sharti la kufagia darasa, na kwamba hajawahi kuona mwanafunzi mwenye bidii namna ile. Alikuwa anajifunza ili aisome mwenyewe karatasi ya mama yake, bila kumsumbua mtu.

Muda wa maswali ulipofika, Night alisimama na daftari lake. Alikuwa amenakili hukumu yote, herufi kwa herufi, na kupigia mstari maneno asiyoyajua. Aliuliza maana ya maneno mawili yaliyo katikati ya ukurasa. Kwa mwandiko wake wa duara alikuwa ameandika "pleaded guilty".

Mwalimu Daisy alimweleza bila kusita. Maana yake mshitakiwa alikubali mwenyewe kwamba ametenda kosa.

"Mama hakukubali," Night akasema.

Mwalimu Daisy akanigeukia, akasema hili ni jambo langu, mimi niko mahakamani kila siku, niwaeleze.

Nikasimama nikaeleza. Nilisema kwamba hiyo ni lugha ya mahakama, inaandikwa karibu katika kila faili, mtu asiichukulie kama maneno ya kawaida. Nilitaja maneno matatu ya Kilatini niliyookota kwa hakimu. Hayakuwa na uhusiano wowote na jambo lile. Nilizungumza dakika kama tano, na nilipokaa walinipigia makofi.

Mwalimu Daisy hakupiga. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyesikia harufu na bado hajui inatoka wapi.

Night aliandika maelezo yangu yote kwenye daftari. Nilimwona akiyapigia mstari.

Nilitoka nikaenda nyuma ya choo nikatapika kwenye nyasi. Shati jipya likachafuka. Nililifuta kwa majani, nikarudi ndani kunywa soda waliyoniandalia.

Sasa nifike Alhamisi iliyopita.

Shafiki alituambia kwamba hakimu mkuu mmoja, mwanamke, atatembelea gereza kusikiliza malalamiko ya wafungwa, na anataka mkalimani. Hakimu wangu alinitaja mimi kwanza. Nilitafuta kisingizio, nikasema tumbo linauma. Alisema tumbo litapona njiani.

Hakimu mkuu alikuwa ameshuka kwenye gari nilipofika. Mama mrefu, nywele fupi zenye mvi, miwani imening'inia kifuani. Maafisa walimwita Mheshimiwa Harriet. Alizungumza Kiingereza tupu, kile cha watu waliosoma shule kubwa, kila neno limesimama peke yake. Nikajipa moyo. Nilijiambia kwamba huyu naye ni mgeni kama yule wangu.

Tulianza na wanaume. Walilalamikia maharage yenye wadudu, kesi zisizoitwa, dawa ya upele. Nilitafsiri vizuri. Mheshimiwa Harriet aliandika bila kuinua kichwa. Mara moja tu alinisahihisha neno la Kiingereza, kwa upole.

Halafu wakaletwa wanawake, saba tu, wakaketi kwenye benchi kivulini. Margarita alikuwa wa tano. Amenyolewa, amekonda mpaka mifupa ya shingo inaonekana. Nilitazama chini nikihesabu vidole vya viatu vyangu kama mjinga, maana viatu havina vidole.

Zamu yake ilipofika alisimama. Nilingoja anitukane. Kwa kweli nilitamani anitukane.

"Umeamka, mtoto yangu?" akanisalimia. Akacheka kidogo kwa furaha. Halafu akamtazama Mheshimiwa Harriet na kuongea taratibu, ili mimi nisipitwe na neno.

"Mimi nashukuru Mungu ameleta huyu kijana leo. Mimi siko mwizi. Siku ile sikusema mimi nimeiba, hata mara moja. Nilisema funguo iko na mimi, basi. Binti yangu anasema kwa karatasi wameandika mimi nimekubali. Huyu kijana alikuwa pale, katikati. Yeye alisikia na masikio yake. Mama, muulize yeye. Yeye ni shahidi yangu."

Akakaa. Aliketi wima kama mtu aliyemaliza kazi yote na sasa ni zamu ya mwenzake.

Mheshimiwa Harriet alishika kalamu akingoja. Afisa wa gereza aliangalia saa. Jua lilikuwa limefika kwenye vidole vya miguu ya wanawake.

Nilikuwa na nafasi ya tatu. Nani hupewa nafasi tatu? Nilikuwa na maneno yote, safari hii hapakuwa na neno hata moja nisilolijua. Ningeweza kuyasema yote kwa pumzi moja.

Nilifikiria ufunguo wa kabati la faili. Nilimfikiria baba na majirani zake.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu anashukuru kwa ziara, anasema baridi ya usiku inamsumbua mgongo, na anaomba blanketi.

Margarita alisikia sauti yangu, hakuelewa neno, akatikisa kichwa kukubaliana nami.

Kalamu ya Mheshimiwa Harriet haikugusa karatasi. Aliiweka juu ya meza. Alivaa miwani yake na kunitazama, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama usoni. Alipofungua mdomo, Kiingereza kile cha shule kubwa kilikuwa kimekwisha.

"Kijana," akasema, "mimi nilizaliwa ndani ya kambi ya jeshi. Baba yangu alikuwa sajini. Hii Kiswahili ya huyu mama, mimi niliinyonya pamoja na maziwa."

Afisa wa gereza aliyekuwa ameegemea nguzo akasimama wima.

"Blanketi iko wapi kwa maneno yake?" akauliza.

Niliitazama kalamu yake pale mezani.

Margarita alinitazama, akamtazama yeye, akanitazama tena. Aligundua sasa kwamba mama yule mkubwa anasema lugha yake, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Bado hakuwa ameelewa. Aliniashiria kwa kidevu, kama mzazi anayemhimiza mtoto aliyesahau salamu.

"Mwambie, mtoto yangu," akasema. "Usiogope."

Mheshimiwa Harriet alifungua ukurasa mpya. Akaandika tarehe juu, akapiga mstari chini yake, akamwambia afisa afunge mlango wa uani na mtu yeyote asitoke.

Kisha, kwa Kiingereza, akaniuliza jina langu kamili.